Pikapu ya Visiwani Ina Bei Mbili

Kwenye njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi, barabara itokayo Mwanza hugawanyika: mkono mmoja waenda Shinyanga, na wa pili waelekea Kigongo, Sengerema na Geita. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, gari lishikalo mkono huo wa pili halingoji tena pantoni. Mkulima wa Sengerema aliyezoea kuhesabu saa za foleni sasa anahesabu safari. Ni jambo la kutarajiwa, basi, kwamba mwenye akiba kidogo katika kanda hii afikirie kununua pikapu ndogo iliyokwisha tumika, apakie mihogo, machungwa au dagaa, ajitafutie riziki yake kwa halali.

Hatuna la kupinga katika fikra hiyo. Lakini daraja haliwafikii ndugu zetu wa visiwani. Wilaya ya Ukerewe peke yake ina visiwa 38, na wananchi wa Kome na Maisome nao wako ng'ambo ya maji. Mtu wa huko anaponunua pikapu, huinunua kwa bei mbili. Ya kwanza huandikwa katika stakabadhi ya muuzaji. Ya pili haiandikwi popote, naye huilipa kila siku: kwa kivuko, kwa vipuri, na kwa siku za kungoja. Bei hii ya pili ndiyo ifilisiyo watu, na kuipunguza ni wajibu wa mnunuzi mwenyewe na wa Serikali pia.

Tukumbushane tulikotoka. Mwaka 1974 liliundwa shirika la umma, State Motor Corporation, likakabidhiwa uagizaji wa magari nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kupata gari kulitaka kibali na subira. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuziomba Benki Kuu, na miongoni mwa vyombo vilivyoingia kwa mlango huo pikapu zilionekana nyingi. Tangu hapo tatizo la mwananchi limegeuka. Zamani aliuliza atalipata wapi gari. Leo magari yamejaa katika yadi, na linalomtatiza ni kuchagua.

Sehemu kubwa ya magari hayo hutoka Japani, na wengi huuliza kwa nini chombo kizima kiuzwe kwa bei nafuu. Jawabu si siri. Sheria ya Japani yataka kila gari likaguliwe kwa vipindi maalumu, na ukaguzi huo una gharama zake. Gari likizeeka, mwenyewe huona afadhali aliuze kuliko kulilipia tena. Nao Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Kwa hiyo gari lao hutufaa bila kugeuzwa. Hata hivyo, nafuu hiyo hupungua njiani. Huongezeka nauli ya meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Na gari lililozidi umri uliowekwa hutozwa ushuru zaidi kwa uchakavu wake. Kisha lipo bado Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100.

Anayenunua hapa hapa yadini ameepushwa na safari hiyo, lakini hakuepushwa na udanganyifu. Hesabu ya kilomita katika mita huweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye nia mbaya. Mpira wa pedeli ya breki uliosagika na usukani uliolika huwa mashahidi wa kweli zaidi. Aidha, mnunuzi hana budi alale chini atazame chasisi. Katika sehemu za kaskazini ya Japani barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma cha chini huku rangi ya juu ikingali inang'aa. Gari la namna hiyo likifika ziwani, likapakizwa sangara wa chumvi na dagaa wabichi bila bodi kuoshwa, kutu iliyoanzia ughaibuni humalizia kazi yake Nansio.

Jambo jingine ni uzito. Vijana wetu hukipenda kigari kidogo wakiitacho kirikuu. Ni chombo kizuri, chenye injini ndogo na kisichonywa mafuta mengi. Lakini sheria ya nchi kilikotengenezwa hukiruhusu kubeba kilo 350 tu, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100. Anayekipakiza magunia kumi anakitaka kifanye kazi ya pikapu ya tani moja, na springi, breki na matairi ndivyo vitakavyolipa tofauti. Mwenye shehena ya tani moja na anunue gari la tani moja, au aende safari tatu.

Sasa tufanye hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme pikapu imenunuliwa kwa shilingi milioni 12, na mwenyewe anataraji imfanyie kazi miaka 4. Hiyo ni shilingi milioni 3 kwa mwaka, au 250,000 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 25 katika mwezi, ni shilingi 10,000 kila siku, kabla tone la mafuta halijaingia tangini na kabla dereva hajalipwa. Asiyeweka kando fedha hiyo, hata akiona noti mfukoni kila jioni, kwa hakika anakula gari lake. Leo amekula matairi, mwezi ujao atakula giaboksi, na mwishowe patabaki bodi juu ya mawe.

Na huo ni mfano wa mtu wa nchi kavu. Gari la Ukerewe likienda Mwanza kwa barabara huvuka kwanza kwa kivuko kutoka Rugezi hadi Kisorya, kisha huzunguka kwa Bunda. Kipuri kisichopatikana Nansio hakina budi kivushwe ziwa. Pikapu ikilala siku 4 kungoja kifaa kimoja, shilingi 40,000 za hesabu yetu zimekwisha potea, na bado hatujataja bei ya kifaa chenyewe wala dagaa walioharibika ufukoni. Kwa sababu hiyo twawashauri ndugu zetu wa visiwani wachague aina ya gari ambayo mafundi wa kwao wanaijua na ambayo vipuri vyake vimeenea, hata kama yadini kuna jingine lenye sura nzuri zaidi kwa bei hiyo hiyo. Rahisi ya mjini huwa ghali kisiwani.

Lipo pia suala la umiliki wenyewe. Wako watu wanaodhani kwamba mwenye ufunguo ndiye mwenye gari. La hasha. Mwenye gari ni yule ambaye jina lake limo katika kadi ya usajili. Anayenunua kwa kupeana mikono, akaacha kadi katika jina la muuzaji ili kukwepa ada ya kuhamisha umiliki, amejitwisha hatari kubwa. Muuzaji akifariki, warithi wanaweza kulidai gari. Ikiwa aliliweka rehani, mdai wake atalifuata popote lilipo. Nalo likimgonga mtu, jina lililo katika kadi ndilo litakalotafutwa kwanza, na bima nayo itakuwa na maswali yake. Tungali watoto chuoni tulifunzwa kwamba deni huandikwa na mashahidi huwekwa. Biashara ya mamilioni ya shilingi haistahili kupewa heshima pungufu ya hiyo.

Kwa wengi, hata hivyo, shilingi milioni 12 hazipatikani mkononi mwa mtu mmoja. Kanda hii yetu haikuanza leo kuunganisha nguvu. Hapa ndipo wakulima wa pamba walipounda Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na ushirika wao ukajulikana Afrika nzima. Ni kweli kwamba vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na baadaye vikarejeshwa, na kwamba pengine mali za ushirika ziliharibika kwa kukosa mwenye kuzijibia. Funzo hilo lisitutie hofu. Kikundi cha watu kumi chaweza kumiliki pikapu moja iwapo kadi imo katika jina la kikundi, daftari la safari huandikwa kila siku, na shilingi 10,000 zile huwekwa benki wala hazigawanywi.

Hapo ndipo maofisa wa Serikali wanapohusika. Sheria imezitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha kisiwani kinapoomba mkopo wa gari, kamati isiishie kuuliza bei ya gari. Iulize fedha ya matairi itatoka wapi, nani fundi, na kivuko kitagharimu kiasi gani kwa mwezi. Mkopo unaotosha kununua tu, pasipo akiba ya kuendeshea, humpa mwananchi deni la miaka na gari la miezi.

La pili ni huduma. Usajili, uhamishaji wa umiliki na ukaguzi wa magari vina sababu njema, nasi hatuombi visiwa vifunguliwe mlango wa kukwepa sheria. Tunaomba sheria iwafuate watu waliko. Maofisa wa kodi, askari wa usalama barabarani na wakaguzi wanaweza kukutana mahali pamoja, siku moja iliyotangazwa mapema, Nansio kwa mwezi huu, Ukara kwa mwezi ujao, kisha Kome na Maisome. Ofisa mmoja akivuka maji, wananchi wengi hubaki kazini. Anayelazimika kupoteza siku kadhaa na nauli kwa ajili ya karatasi moja, hushawishika kuishi bila karatasi.

La tatu ni kivuko chenyewe. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Msiba ule ulitufundisha wote kwamba kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye chombo ni mpaka wa uhai. Magari yanavyozidi kuongezeka visiwani, ndivyo uzito unavyozidi kwenye sitaha. Kila gati lapasa kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kupima, kuhesabu na kukataa, naye alindwe anapokataa gari la mkubwa kama anavyokataa la mnyonge.

Wako watakaosema kwamba hayo ni gharama kubwa kwa watu wachache. Tunawakumbusha jambo moja. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni za magari, na badala yake ikaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa mwenye gari ilikuwa nafuu. Lakini injini ya boti nayo hunywa petroli, na karabai za wavuvi wa dagaa zilinywa mafuta ya taa. Mvuvi wa Irugwa aliyetia lita 50 katika boti yake alichangia shilingi 2,000 za kufidia ada ya magari, ingawa hakuwa na gari wala lami ya kulipitishia. Mtu huyo haombi sadaka anapoomba kivuko salama na siku moja ya huduma. Amekwisha lipa.

Kwa hiyo twasema: mnunuzi na afanye hesabu ya bei zote mbili kabla ya kutoa fedha, aandikishe gari kwa jina lake, na asilitwishe zaidi ya uwezo wake. Viongozi wa wilaya za Ukerewe na Sengerema nao wakae na idara zinazohusika, wapange siku za huduma visiwani kwa mwaka mzima. Siku hizo zikipangwa, safu hii itakuwa ya kwanza kuzitangaza.