Kimo cha Tela: Ya Juu na ya Chini ni Hesabu Moja



Makonyo ni mzigo unaodanganya. Tela likizidishiwa mchanga au mawe hulalamika lenyewe: magurudumu hufutuka ubavuni, trekta hunguruma mlimani, na dereva hujua kuwa amepita kiasi. Makonyo hayasemi neno. Hata yakipangwa mpaka yapite kimo cha nyumba, trekta huyavuta kama kwamba haina kitu nyuma yake. Na karafuu kavu nazo, ingawa ni nzito kuliko makonyo, huchukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Basi mkulima hutazama tela, huona linaweza, na huongeza safu nyengine ya magunia.

Tela linaweza, lakini njia haiwezi. Njia zetu za Pemba zapanda na kushuka vilima, zapinda kila hatua chache, na zapita chini ya miembe, mifenesi na mikarafuu yetu wenyewe. Anayekwenda upande wa Konde akaingia msitu wa Ngezi ataona jinsi matawi yanavyokutana juu ya kichwa chake. Na tangu mwaka 2010, kisiwa chetu kilipounganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, nyaya nazo zimeongezeka vijijini, tena nyengine huvuka njia za mashamba. Katika njia kama hizi mpaka wa mzigo mwepesi ni kimo chake, wala si uzani.

Tunasema haya kwa kuwa yametufika. Msimu mmoja tulipakia makonyo yaliyokuwa yakienda Wawi, kwenye kiwanda cha mafuta. Tulikuwa na haraka, jua lilikuwa linakuchwa, na mzigo ulibaki magunia kumi na kitu. Tukasema: "Yaongezwe juu, safari iwe moja." Kijana mmoja katika wachumaji wetu akapanda juu ya magunia ili ayashikilie. Hatukumkataza. Njiani palikuwa na bonde dogo lenye mwembe, mahali tulipopita mara nyingi bila ya shida. Siku ile tawi lilimkamata kijana begani likamwangusha. Alivunjika mkono. Twashukuru kuwa alipona, lakini msimu ule wote hakupanda mkarafuu, na nyumba yao ilimtegemea yeye. Mwenye mwembe alilaumiwa, dereva alilaumiwa, na ukweli ni kwamba mikono iliyofunga ile kamba ya juu ilikuwa yetu.

Tangu siku ile tumekuwa tukipima, na katika kupima tumejifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: kimo cha juu na uwazi wa chini ni hesabu moja. Sentimita unayoiongeza chini ya tela unaitoa juu ya mzigo.

Chukueni mfano. Sakafu ya tela ina kimo cha meta 1 na sentimita 10 kutoka ardhini, na magunia yamepangwa meta 2 na sentimita 30. Jumla ni meta 3 na sentimita 40. Tawi la chini kabisa njiani liko meta 3 na nusu. Tela litapita, kwa nafasi ya sentimita 10. Sasa mwenye tela amechoka na kukwaruza tumbo la tela kwenye matuta na mawe, akatia magurudumu ambayo kimo chake kimezidi yale ya zamani kwa sentimita 20. Tela litanyanyuka kwa nusu ya hizo, yaani sentimita 10, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu. Chini amefaidi, na mawe hayamgusi tena. Lakini juu nafasi yake yote imekwisha, na mzigo ule ule, katika njia ile ile, utagusa tawi. Naye ataapa kuwa hakuongeza hata gunia moja, na atakuwa amesema kweli.

Jambo la pili ni mahali pa kufungia tela kwenye trekta. Tela la ekseli moja ni kama pembea: ukiinua mbele, nyuma hushuka, na ukishusha mbele, nyuma huinuka. Tuseme kutoka pale linapofungwa mpaka kwenye ekseli ni meta 4, na kutoka ekseli mpaka mkiani ni meta 2. Ukifunga chini kwa sentimita 20 kuliko inavyostahiki, mkono wa tela utakaribia kulima barabara, na mkia utainuka kwa sentimita 10 pamoja na magunia yaliyo juu yake. Ukifunga juu kwa kiasi hicho, mkia utashuka sentimita 10 na utakwama unapovuka mtaro. Kwa hivyo tela na lifungwe lilale sawa. Kabla ya kununua magurudumu makubwa, tazameni kwanza kama tela limefungwa sawa, maana mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake haina gharama. Na ule mguu wa kusimamishia tela upandishwe mpaka mwisho kabla ya kuondoka, kwani ndio kitu cha kwanza kugonga tuta.

Jambo la tatu ni umbo la njia. Palipo na kilima kidogo cha ghafla, magurudumu ya trekta huwa upande mmoja na ya tela upande wa pili, na tumbo hukalia kilima. Palipo na bonde fupi mambo hugeuka: magurudumu huwa juu ya kingo mbili, tela huwa kama daraja juu ya bonde, na magunia ya katikati huwa mbali zaidi na ardhi kuliko ulivyopima shambani. Ndivyo ulivyotukuta ule mwembe. Tawi halikuwa limeshuka, bali tela lilikuwa limevuka bonde kwa juu.

Na kuna kuinama kwa ubavu. Barabara nyingi zimeinama ukingoni ili maji yatoke. Kama gurudumu la kushoto liko chini ya la kulia kwa sentimita 10, na baina yao ni meta 1 na sentimita 80, basi mzigo wenye kimo cha meta 3 na sentimita 60 utalalia kushoto, kule juu, kwa sentimita 20. Hiyo ndiyo sababu ya tela kupita salama katikati ya barabara, na kuchanika magunia yake linapopisha gari nyengine. Nalo tela refu lililoinama liko karibu zaidi na kupinduka konani.

Baada ya maelezo haya, twatoa rai yetu. Kila tela la mwanachama lipimwe kimo kabla ya kutoka shambani, na kila tawi la jumuiya liwe na ufito wake wa kipimo.

Namna ya kufanya si ngumu. Kabla ya msimu, baada ya mvua kwisha kunenepesha matawi, watu wawili watembee njia nzima kutoka shambani mpaka barabara kuu, wakichukua ufito uliotiwa alama. Wapime kila tawi linalovuka njia na waandike la chini kuliko yote. Nyaya za umeme wasizipime kwa ufito hata kidogo. Waya uliolegea au uliojaa shaka upelekewe habari Shirika la Umeme, na mpaka ushughulikiwe tela lisipite chini yake na mzigo mrefu. Kisha kutoka katika kile kipimo cha chini kabisa watoe sentimita 30, kwa ajili ya mabonde, kuyumba, na matawi yanayoinama kwa umande. Kinachobaki ndicho kimo cha mzigo cha njia ile. Pale penye kupakilia wasimamishe miti miwili na wafunge wa tatu juu yake kwa kimo hicho. Tela lisilopita chini ya mti huo lipunguzwe pale pale, palipo na watu wa kushusha na kivuli cha kukaa, na sio njiani usiku.

Tela lipimwe likiwa limefungwa kamba, limesimama pahala tambarare, na magurudumu yametiwa upepo kama inavyopaswa. Kimo kihesabiwe kutoka ardhini mpaka gunia la juu kabisa, wala sio kutoka sakafu ya tela. Makonyo yaliyomiminwa bila ya magunia hutikisika na kushuka mwendoni, kamba zikalegea na mzigo ukatanuka ubavuni. Basi dereva asimame baada ya mwendo mfupi akaze tena. Na kama tela lina springi pamoja na fremu ya turubai, akumbuke kuwa likiwa tupu hunyanyuka. Fremu iliyopita chini ya tawi wakati wa kwenda na mzigo yaweza kulikamata wakati wa kurudi.

Twajua jawabu tutakalopewa. Mwanachama atasema: "Safari mbili ni mafuta mara mbili na ujira mara mbili, na bei ya makonyo si ya kuchezea." Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini tumeona wenyewe kuwa mzigo uliopangwa vizuri hauhitaji safari ya pili kila mara. Makonyo yakitiwa kwenye magunia, yakashindiliwa, na magunia yakapangwa kwa kupishana mfano wa matofali, hukaa chini zaidi kuliko yakirundikwa. Na pale ambapo safari ya pili haiepukiki, na tuihesabu pamoja na gharama za safari moja iliyoharibika: magunia yaliyochanika, makonyo yaliyomwagika matopeni, siku nzima ya watu kuokota, na pengine fedha za hospitali. Tulipohesabu za kwetu, safari ya pili ilikuwa rahisi kuliko hizo zote.

Wako watakaosema kuwa dawa ni kukata matawi. Nasi twasema ndiyo, lakini kwa adabu. Mwembe ulioko ukingoni una mwenyewe, na mkarafuu ni mali ya watu. Hapana dereva mwenye haki ya kukata tawi la mtu kwa sababu tela lake ni refu. Mwenye mti naye akumbuke kuwa njia ni ya wote, na tawi lililoshuka kufika kimo cha mtu aliyekaa juu ya gari ni hatari kwa watoto wa jirani na wake pia. Itafaa kila tawi la jumuiya liweke siku moja kabla ya msimu, wenye miti wakiwapo na wakiridhia, yakatwe yanayostahiki kukatwa. Liko jambo moja lisilo na mjadala: tawi lililo karibu na waya wa umeme lisikatwe nasi, bali liachiwe wenye kazi yao.

Kwa nyaya hizo tunaongeza maneno machache, kwa kuwa kosa lake halina toba. Asitokee mtu wa kuunyanyua waya kwa mti ili tela lipite. Mti mbichi hupitisha umeme, na hata mkavu ukilowa. Mzigo ukigusa waya, dereva abaki alipo, asiguse ardhi, na wengine wote wakae mbali mpaka umeme ukatwe. Kama moto umewaka na hapana budi ashuke, aruke mbali kwa miguu miwili pamoja, asishike trekta na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi fupi za kuburura miguu.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mtu asikae juu ya mzigo. Gunia likianguka huokotwa. Tumezoea kumpandisha kijana juu ashikilie magunia, au tumpe lifti kwa kuwa amechoka na kazi, tukadhani tumemfanyia wema. Kamba nzuri hushikilia magunia kuliko mikono ya kijana, na kwa kijana aliyechoka, kumpakia mahali pengine penye salama au kumlipia nauli ndio wema wa kweli. Kimo cha mzigo tukishakipima, tusikiongezee kimo cha binaadamu.

Twawaomba makatibu wa matawi walitie jambo hili katika mkutano wa mwanzo kabla ya vuno, wateue watu wawili wa kupima njia, na wakubaliane kimo kimoja kitakachoandikwa kwa rangi mbele ya kila tela, mahali dereva anapopaona. Ufito na miti mitatu haigharimu kitu shambani. Wazee walisema tahadhari kabla ya athari. Sisi tulianza na athari, tukaja kujifunza tahadhari baadaye. Tunaandika ili wenzetu wasipite njia hiyo.