Pawatila ya Dakawa haipiti kwenye lami



Mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hilo silipingi. Lakini pawatila inayovuruga tope kwenye majaruba ya mpunga hapa Dakawa inalipia barabara ipi?

Uingereza, mkulima hutumia dizeli nafuu iliyotiwa rangi nyekundu.  Kwetu, mafuta ya bei mbili yatachakachuliwa tu. Ni kwa sababu ya uchakachuaji huo huo kwamba 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa. Basi bei pampuni ibaki moja, mkulima arejeshewe tozo kwa ekari, kupitia ushirika wake, kabla ya msimu wa kulima.

Mkulima wa mpunga,
Dakawa, Mvomero