Hisabati ya Lazima, Mwalimu wa Bahati

Aprili 2025 Waziri wa Elimu wa Kenya Julius Ogamba alitangaza kwamba Hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari pevu (gredi ya 10 hadi 12). Mpango wa awali ulikuwa kulifanya somo hilo la hiari kwa wasiochukua mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), wananchi wakapiga kelele, serikali ikarudi nyuma. Ikaamuliwa wa STEM wasome Hisabati kamili, wengine wasome iliyopunguzwa makali. Tukapigana pambaja, tukaenda zetu.

Tulishangilia nini hasa? Mtoto hakuanza kuichukia Hisabati gredi ya 10. Aliacha kuielewa gredi ya 7, kimyakimya, dawati la nyuma, na hakuna aliyemuuliza. Kumlazimisha baadaye ni kumpa miaka mitatu zaidi ya kunakili kazi ya jirani.

Chukua nusu, ujumlishe na theluthi. Fungua rundo la madaftari ya gredi ya 7, hutakosa kukuta 2/5 kwa mwandiko safi kabisa: namba za juu zimejumlishwa, za chini nazo zimejumlishwa. Mwalimu anapita, anapiga X nyekundu, anaandika ubaoni kanuni ya kuzifanya namba za chini zilingane. Darasa linanakili. Kengele inalia, dakika 40 zimekwisha.

Na kumbe lilihitajika swali moja tu: hiyo 2/5 ni zaidi ya nusu au ni pungufu? Mtoto atakuna kichwa, atasema pungufu. Haya, ulianza na nusu, ukaongeza kitu juu yake, ukapata pungufu ya nusu. Imekuwaje? Hapo atarudi mwenyewe kwenye daftari lake bila kuamrishwa. Kanuni hajapewa bado, lakini ameshaona kwa akili yake kwamba jibu lile haliwezekani, na sasa anaitaka hiyo kanuni. Hiyo ndiyo Hisabati. Ile nyingine ni imla.

Lakini swali kama hilo haliwezi kuulizwa na yeyote tu aliyeshika chaki. Linamtaka mtu anayejua mtoto amepotelea wapi, si kwamba amepotea tu. Nasi tulifanya nini? Mwaka 2023 tulianzisha sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) ndani ya shule za msingi kabla ya kuwapata walimu wa kutosha. Zilikuwapo shule zenye mwalimu mmoja wa masomo yote; aliyesomea Kiswahili na Dini akajikuta anafundisha milinganyo. Pengo likazibwa kwa walimu wanagenzi (jina tamu la kibarua) kwa Sh20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mei 2024 wakaingia barabarani, na wakubwa wakajifanya kushangaa.

Mtaala wenyewe wa umilisi (CBC) sina ugomvi nao. Unataka mtoto apime, ajaribu, abishane na mwenzake. Vizuri sana. Tatizo ni kuukabidhi kwa mtu ambaye naye aliikimbia Hisabati alipokuwa shuleni, kisha kumlaumu kwa kukaririsha.

Kinachoudhi zaidi ni kinachofuata. Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wachukue mkondo wa STEM, na matokeo ya gredi ya 9 ni sehemu ya kuamua nani aende wapi. Kwa hiyo binti ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kufundishwa na mtu aliyesomea Hisabati ataambiwa kwamba kipaji chake kiko kwingine. Kipaji! Umempima kwa kitu ambacho hukumpa, kisha ukamwandikia kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mzazi wake ataamini, na yeye ataamini.

Wizara isitutangazie lazima nyingine. Itutolee orodha, kaunti kwa kaunti, ya kila sekondari msingi isiyo na hata mwalimu mmoja aliyesomea Hisabati, na mbele ya kila jina iandike tarehe ambayo mwalimu huyo atafika.