Msumeno Usipande Pamoja na Watu



Mvua za Mau zikianza, kazi yetu sisi wa gengi la reli huongezeka. Reli hii ilifika Kisumu mwaka 1901, na toka Njoro hata Elburgon, Molo na Mau Summit yapita karibu na miti mikubwa. Upepo ukivuma, mkaratusi au msaipresi hulala juu ya njia, na sisi ndio tunaoitwa kuuondoa. Wazee wetu walifanya kazi hiyo kwa shoka na msumeno wa watu wawili. Siku hizi yafanywa kwa msumeno wa petroli, yaani pawasoo.

Hatuilaumu pawasoo, maana yatupunguzia jasho. Tunalolaumu ni jinsi inavyopelekwa kazini.

Penye tope lori halifiki, basi huletwa trekta na trela lake. Msimu wa mvua uliopita tulikuwa chini ya mwenye mkataba mmoja. Ndani ya trela tulikuwa watu wanane, pamoja na pawasoo mbili, mashoka na mtungi wa petroli. Wa tisa alikaa juu ya madigadi ya trekta, pawasoo ya tatu mapajani. Trekta likaruka mtaro. Pawasoo ya pili, iliyokuwa imeegemezwa tu ubavuni mwa trela, ikaanguka, na meno yake yakapita katika muundi wa ndugu yetu aliyeketi chini. Injini ilikuwa imezimwa. Wengi hudhani kwamba msumeno uliozimwa haukati. Ndugu, meno ya mnyororo ni makali kama kisu wakati wote, na uzito wa mashine, kilo 5 au zaidi, watosha kuyaingiza nyamani.

Jeraha lilishonwa. Lililotuuma zaidi ni neno la nyapara: "Hakuwa kazini, alikuwa njiani." Kwa neno hilo ndugu yetu alikaa nyumbani wiki tano bila senti moja, na ana watoto wa shule.

Neno hilo si kweli. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya fidia ya majeraha ya kazini yasema kwamba mfanya kazi anayepelekwa kazini au kurudishwa bila nauli, kwa gari lililowekwa na mwajiri kwa safari hiyo, likiendeshwa na mwajiri mwenyewe au mtu wake, ahesabiwa kuwa yuko kazini. Trekta lile lilikuwa la mwajiri, na dereva alikuwa wake. Shauri hilo sasa limo mikononi mwa Chama, nasi hatutaliacha.

Tena liko jambo la petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka chini, sakafuni mwa trela, pale pale tulipoketi. Na kwa baridi ya Molo, hakosi mtu wa kuwasha sigara. Sisi watu wa reli twajua kwamba abiria hapandishwi juu ya behewa la mafuta. Mbona twakubali jambo hilo kwenye trela?

Lakini tuseme kweli, sisi nasi tuna makosa. Ala ya msumeno ikipotea, hatuulizi. Trekta likipita, twarukia madigadi ili tusitembee. Anayelipwa kwa kipande huona kila dakika ya tahadhari ni fedha inayopotea. Kwa hiyo haya tunayoyataka yatuhusu sisi pia, si wenye kazi peke yao.

Kwanza, liwepo sanduku la mbao lililokazwa kwa bolti ndani ya trela. Pawasoo iingie humo ikiwa imezimwa na kupoa, breki ya mnyororo imefungwa, ala imevikwa, na vifuniko vya petroli na oili vimekazwa.

Pili, petroli iwe katika mtungi uliotengenezwa kwa petroli, si chupa ya soda wala mtungi wa mafuta ya kupikia, nao ufungwe usipinduke. Kujaza kufanywe chini, kamwe si ndani ya trela, na mtu asogee mita 3 kabla ya kuwasha injini.

Tatu, trela la vyombo libebe vyombo tu. Kiti cha trekta ni kimoja, nacho ni cha dereva. Watu waletwe kwa gari la watu, na lisipoweza kufika, tutatembea kipande kilichobaki.

Watasema ni gharama. Sanduku ni mbao chache na bolti nne, na Elburgon ni mji wa viwanda vya mbao! Watasema ni kupoteza wakati. Na wapime basi: kutembea nusu saa, au mtu mmoja kulala nyumbani wiki tano.

Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mfanya kazi anayeona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Tena, penye wafanya kazi 20 au zaidi yapasa pawe na kamati ya usalama. Kila tawi liulize: kamati yetu iko wapi, nayo ilikutana lini?

Twajua kwamba akikataa mmoja kupanda trela ataitwa mkaidi, na kesho hataandikwa kazi. Tukikataa gengi zima, nyapara atamtafuta seremala.

Umoja ni nguvu.