Mshono Hauponi Bila Muuguzi

Hakuna meli ya hospitali itakayotia nanga Karagwe wala Kyerwa. Wilaya hizi mbili, zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, hazigusi Ziwa Victoria. Mama wa Murongo au Kaisho mwenye fistula hupanda basi hadi Bugando, Mwanza, akivujwa na mkojo njia nzima huku abiria wenzake wakifungua madirisha.

Fistula si laana wala uchawi. Uchungu wa kuzaa ukidumu siku moja au mbili bila msaada, kichwa cha mtoto hubana nyama za kibofu mpaka zikafa, na tundu likabaki. Mara nyingi mtoto naye hafiki.

Sifa zote humwendea daktari mpasuaji, naye anastahili. Lakini baada ya upasuaji mpira wa mkojo hukaa mwilini kwa muda wa wiki mbili hivi, na humo ndimo kazi hufaulu au huharibika. Mpira ukikunjwa au ukiziba, kibofu hujaa na mshono hufumuka. Kwa hiyo muuguzi huuchungulia usiku na mchana, na humhimiza mgonjwa anywe maji tele. Hapo ndipo penye ugumu, maana mama huyu amekaa miaka akijinyima maji ili asilowe mbele za watu. Muuguzi ajuaye Kinyambo, hata maneno machache, hufanya kazi ambayo dawa haiwezi.

Katika meli za Mercy Ships zitiazo nanga Afrika, mama aliyepona huvishwa gauni jipya na wauguzi humwimbia. Kwa hilo haihitajiki meli. Hospitali yoyote yaweza.

Nauli nayo si kikwazo kisichoondoleka: CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kuwatumia wagonjwa nauli kwa simu mwaka 2009. Kinachosahauliwa ni kurudi nyumbani. Kwa miezi mitatu angalau, mama hapaswi kulala na mumewe wala kubeba ndoo na mikungu ya ndizi. Mimba ijayo hana budi kuzalia hospitali, Nyakahanga au Isingiro, na kwa upasuaji. Mume aelezwe na nani, kama mtendaji wa kijiji amenyamaza? Na karatasi ya hospitali, iliyojaa Kiingereza cha kidaktari, atamsomea nani kama si mwalimu wa shule iliyo jirani, mlango ukiwa umefungwa?