TAHARIRI: Kijana Asiyeijua Serikali Hawezi Kuiwajibisha



Muhula uliopita mwandishi wa tahariri hii alialikwa katika shule moja ya upili ya hapa Kabazi azungumze na wanafunzi wa Kidato cha Tatu juu ya kazi ya uwakili. Kabla ya kuhutubia, aliwauliza maswali mawili. La kwanza: mihimili ya serikali ni mingapi? Mikono ikainuka kote darasani, nao wakaitaja kwa pamoja: Bunge, Utawala na Mahakama. La pili: barabara ya kutoka shuleni hadi sokoni ikiharibika, ni nani mwenye wajibu wa kuitengeneza, na fedha za kazi hiyo hutoka wapi? Darasa likanyamaza. Hatimaye mmoja akasema ni Rais. Mwingine akasema ni mheshimiwa mbunge, akipenda. Kisha msichana mmoja aliyeketi mbele akauliza kwa adabu: “Samahani, wakili, je, swali hili huja katika mtihani?”

Hatuwalaumu watoto hao. Ni werevu, na walimu wao wanajitahidi. Lakini neno lile “akipenda” lilitutia uchungu. Kijana wa miaka kumi na saba ambaye amekwisha kuamini kwamba barabara ni hisani ya mkubwa, wala si haki ya mlipa kodi, yuko tayari kununuliwa kwa kilo mbili za unga siku ya kupiga kura. Mwaka mmoja tu umebaki apate kitambulisho. Twamwachilia aingie katika uraia kama mgeni aingiavyo nyumba asiyojua milango yake.

Wengi miongoni mwa wasomaji wetu ni watu wa kanisa waliobeba harakati za vyama vingi. Hao wanakumbuka gharama ya ujinga wa namna hii. Mwezi Juni 1982 Bunge liliingiza Kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa ndicho chama pekee halali. Watu wachache waliijua namba ya kifungu hicho, ila wote waliionja ladha yake mwaka 1988, walipopangwa mlolongo nyuma ya wagombea na mistari mirefu ikashindwa na mistari mifupi. Kufikia mwaka 1990, “2A” lilikuwa neno la sokoni na la ibadani. Ni nani aliyewafundisha wananchi? Haukuwa mtaala wa shule. Ni wahubiri, mawakili na wanafunzi wa vyuo vikuu, na baadhi yao walilipia somo hilo kwa kizuizi na kwa uhamisho.

Tena, somo lile lilikuwa la jiografia pia. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alisimama mimbarini jijini Nairobi, akayaelekeza macho ya waumini kwenye mataifa ya Ulaya Mashariki ambako tawala za chama kimoja zilikuwa zikianguka, akaitaka Afrika ijiulize zamu yake ni lini. Muumini asiyejua Romania iko wapi hangeweza kuuelewa ujumbe ule. Mwezi Februari mwaka huo Benin iliita kongamano la kitaifa. Tarehe 31 Oktoba 1991 Wazambia walimwondoa Kenneth Kaunda kwa kura, naye akaondoka kwa amani. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa. Nchi hizi zilifundishana. Mtawala dhalimu hupenda raia wake wadhani kwamba hali yao ndiyo hali ya dunia nzima. Ramani ya dunia ikitundikwa ukutani, uongo huo hauishi muda mrefu.

Na hapa kwetu katika Bonde la Ufa, jiografia iliyopotoshwa imeua watu. Mapigano yalipozuka mwishoni mwa mwaka 1991, yakaenea Molo na kwingineko mwaka 1992, yakarudi mwaka 1997 na 1998, kisha yakawaka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana walikuwa wamefundishwa ramani ya namna yake: kwamba kila ardhi ina kabila lake, na kwamba jirani mwenye lugha nyingine ni doa la kufutwa. “Madoadoa” ndilo neno walilopewa. Askofu Ndingi Mwana a’Nzeki, aliyekuwa mchungaji wa Jimbo la Nakuru mapigano yalipoanza, alikemea hadharani, na wengine walikemea pamoja naye. Lakini sauti ya askofu humfikia kijana Jumapili, naye mchochezi humfikia siku sita zilizobaki. Lau kijana yule angalikuwa amefundishwa jinsi watu walivyohamia na kuchanganyika katika bonde hili kabla ya ukoloni na baada yake, na jinsi mpaka wa wilaya ulivyochorwa na afisa kwa wino tu, hangaliuona mpaka huo kama amri ya Mungu ya kumtoa jirani yake.

Twaambiwa kwamba jiografia ya dunia ni masomo ya mbali, ya milima ya Alps na mito ya Amerika. Nasi twauliza: je, Kabazi iko nje ya dunia? Sisi tunaishi karibu na mstari wa Ikweta, juu ya ufa mkubwa wa ardhi. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa nchini Kenya, lilipasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Ni wanafunzi wangapi wa Subukia wanaojua kwamba wataalamu wa mataifa mengine huitaja Subukia kwa sababu hiyo? Na ni nani kati yetu amewahi kumwuliza afisa wa serikali kama majengo ya shule zetu yamekaguliwa kwa kuzingatia jambo hilo?

Tutazame karibu zaidi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa lilipasuka huko Solai, majirani zetu, na maji yakawaangamiza watu zaidi ya 40, wakiwamo watoto waliokuwa wamelala. Somo la jiografia hueleza mlima unavyomwaga maji, udongo unavyolegea, na ukuta wa bwawa unavyoelemewa. Somo la serikali hueleza ni nani hutoa kibali cha bwawa, ni nani hulikagua, na raia aliye chini yake apeleke malalamiko wapi. Ukifundisha la kwanza bila la pili, utapata mtu anayeiona hatari asijue pa kubisha hodi. Ukifundisha la pili bila la kwanza, atabisha hodi asijue la kusema. Masomo haya mawili ni macho mawili ya uso mmoja.

Hali kadhalika na kahawa. Baridi kali iliipiga mibuni ya Brazil Julai 1975, na wakulima wa Kenya wakapata bei ambayo wazee wanaisimulia hadi leo. Julai 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima aliyekosa somo hilo aling’oa mibuni akidhani amerogwa. Aliyelipata alijua sehemu ya mzigo wake imetoka ng’ambo na sehemu nyingine imetoka kwa wasimamizi wa ushirika, naye akawa na nguvu ya kuwauliza wasimamizi hao juu ya sehemu yao.

Sasa tutazame shule zinafanya nini. Haki yafaa isemwe: muhtasari wa Historia na Serikali katika mfumo wa 8-4-4 haukuwa mbaya. Una mada za uraia na utangamano wa kitaifa, za utungaji wa katiba, demokrasia na haki za binadamu, muundo wa serikali, ugatuzi, mapato na matumizi ya umma, hata uchaguzi na serikali za Uingereza, Marekani na India. Udhaifu uko kwingine. Mwanafunzi aliweza kutosheka na somo moja tu kati ya yale ya jamii na dini, basi wengi wakayaacha Historia na Jiografia yote mawili walipoingia Kidato cha Tatu, kabla hawajafika kwenye mada zile nzito. Waliobaki walikariri orodha: sababu tano, majukumu sita, matatizo saba.

Mtaala mpya wa umilisi unaichukua nafasi ya mfumo huo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na shule ya upili ya mtaala mpya imegawanywa katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Humo pia, Historia na Uraia ni somo la kuchagua, na Jiografia ni vivyo hivyo. Kuna somo la huduma kwa jamii ambalo ni la lazima, nasi twalipokea kwa shukrani. Lakini kufagia soko si sawa na kujua ushuru wa soko unakwenda wapi. Daktari wa kesho na mhandisi wa kesho watapiga kura kama wengine.

Wako wanaopinga. Husema: msiwaingize watoto katika siasa. Twajibu kwamba siasa ya chama ni jambo moja, na elimu ya serikali ni jambo jingine. Mwalimu asimwambie mwanafunzi amchague nani. Amwonyeshe tu Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linalotenganisha kazi za serikali ya taifa na za kaunti. Amfundishe kwamba shule ya upili na polisi ni za taifa, kwamba chekechea, zahanati na barabara za kaunti ni za Nakuru, na kwamba kaunti zote kwa jumla hazipaswi kupata chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Huo si uchochezi. Ni sheria ya nchi.

Wengine husema sayansi ndiyo iletayo kazi. Hatuipingi sayansi. Lakini mwezi Juni 2024 nchi nzima iliona kiu iliyopo. Vijana walichukua Mswada wa Fedha, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakafafanuliana vifungu kwa simu usiku na mchana, jambo ambalo darasa halikuwafanyia. Tarehe 25 Juni waliandamana hadi Bungeni, baadhi yao wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Twawaheshimu waliojifunza peke yao. Lakini ni aibu kwa taifa kwamba somo la Kifungu cha 37, kinachompa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa amani bila silaha, lilifundishwa barabarani na kulipiwa kwa damu, ilhali lingefundishwa kwa chaki.

Kulalamika hakutoshi. Hivyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, Historia na Uraia, au angalau kipindi kimoja cha serikali kila juma, kiwe cha lazima kwa kila mwanafunzi wa upili, awe wa njia yoyote.

Pili, sheria iliyopo itekelezwe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika vifungu vya 98 hadi 101, inaziagiza kaunti ziendeshe elimu ya uraia. Wazazi na wazee wa kanisa wa wadi ya Kabazi waiandikie kaunti barua, waulize: mwaka huu ni shilingi ngapi zimetengwa, na ni shule zipi zimefikiwa? Barua iwe na tarehe na sahihi, na nakala ihifadhiwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kujibiwa.

Tatu, kila parokia na kila kanisa lenye ukumbi litenge Jumamosi moja ya mwezi kwa vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Vifaa ni vitatu tu: Katiba, ramani ya dunia na bajeti ya kaunti. Wachore ramani ya wadi yao wenyewe, mito, mabwawa, zahanati na barabara, na kando ya kila kitu waandike jina la ofisi inayowajibika. Nabii Hosea aliwalilia watu walioangamia kwa kukosa maarifa; asije akatulilia sisi tulio na kumbi tupu.

Nne, walimu walindwe. Mwalimu akiitwa na mkubwa yeyote kwa sababu amefundisha Katiba, asiende peke yake. Mawakili tupo, na kazi hiyo hatutailipisha.

Wapenzi wasomaji, uchaguzi mkuu huja kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti. Kijana huja mara moja tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu twauona kwa macho yetu. Yule msichana aliyeuliza kama swali letu huja katika mtihani anastahili jibu, nalo ni hili: ndiyo, binti yetu, swali hilo huja. Halitoki kwa wasahihishaji wa Nairobi. Litakujia siku bwawa litakapoanza kuvuja, siku jirani yako atakapoitwa doa, na siku mtu atakapokuletea kilo mbili za unga mlangoni.