Major Taylor alistahili heshima zaidi
Bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli mwaka 1899, kule Montreal, alikuwa kijana Mweusi wa miaka 20, Marshall Taylor wa Indianapolis, aliyebandikwa jina la "Major" kwa sare ya kijeshi aliyovaa akionyesha michezo ya baiskeli nje ya duka. Kila nikisoma habari zake napandwa na hasira. Chama cha waendesha baiskeli cha Marekani kiliwanyima Weusi uanachama tangu 1894. Wapinzani walimbana makusudi asipate upenyo, na mwaka 1897, huko Taunton, mmoja wao alimbwaga chini akamkaba koo mpaka akazimia. Mtu huyo alitozwa faini ya dola 50, basi. Taylor akarudi uwanjani. Kwa imani yake alikataa kushindana Jumapili, na mwaka 1901 waandaaji wa Ulaya walimpangia siku nyingine, maana watazamaji walimtaka yeye. Alifariki Chicago mwaka 1932, fukara, baada ya kutembeza nyumba kwa nyumba kitabu cha maisha yake mwenyewe. Waendesha baiskeli wa mashindano wa enzi za zamani ndio waliohamishia mabaki yake kwenye kaburi la heshima, mwaka 1948.